Acheni Kuwaundia Wagonjwa Programu, Waajirieni Wasindikizaji

Haya, nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa kwa sababu ya mteja mmoja ambaye hajui anachotaka na anakitaka kesho. Mliokuja kutafuta habari za Linux na hila za Python nisameheni, zitarudi. Leo nina hasira na wenzangu waundaji programu, na hasira iliyobaki ni ya wakubwa wanaotupigia makofi.

Kulikuwa na shindano la kuandika programu hapa Nakuru, la aina ile ya wikendi nzima, soda na fulana za bure. Mada ilikuwa afya. Timu nne zilileta programu za simu kwa ajili ya vijana wenye saratani, na zote nne zilifanana kama watoto wa mama mmoja: ramani ya hospitali, kalenda ya kukumbusha miadi, na roboti ya gumzo inayotumia akili unde kujibu maswali. Afisa mmoja akasimama akasema huu ndio mustakabali, kwa maana "vijana wetu wanaishi kwenye simu." Ukumbi ukashangilia.

Hebu tumwulize mheshimiwa swali dogo. Kijana wa kidato cha tatu aliye shule ya bweni kule Molo au Ol Kalou, simu yake iko wapi? Shule za Kenya haziruhusu mwanafunzi kuwa na simu. Mgonjwa wa miaka 16, yule hasa tunayedai tumemwundia programu, hana kifaa cha kuifungulia kwa miezi tisa ya mwaka. Kati ya timu nne hakuna hata moja iliyoliona hilo, na majaji hawakuuliza.

Ngoja niseme ninachotaka, halafu tubishane. Kijana mwenye saratani katika Bonde la Ufa ya kati hana upungufu wa habari kiasi hicho. Anachokosa ni mtu mmoja mwenye jina, mwenye mshahara, ambaye kazi yake ni kuhakikisha huyu kijana ametoka kaunta moja akafika ya pili, na asipofika, amtafute. Mtu huyo akishakuwepo, programu ya kumsaidia ninaweza kuiandika kwa siku chache. Asipokuwepo, hata tuandike mistari milioni moja ya msimbo, ni pambo.

Wazo hili si langu, wala si jipya. Mwaka 1990 daktari mpasuaji Harold Freeman alianzisha mpango kama huu katika hospitali ya Harlem, New York. Alikuwa akipokea wanawake maskini, wengi wao weusi, waliokuja na saratani ya matiti ikiwa imeshaenea. Alichofanya ni kufungua vipimo vya bei nafuu au vya bure, kisha akaajiri watu wa mtaa ule ule wawashike wagonjwa mkono kuanzia siku matokeo yanapotia shaka hadi siku matibabu yanapokwisha. Katika kundi la zamani la wagonjwa wa hospitali hiyo, waliotibiwa hadi 1986, waliofikisha miaka mitano hai walikuwa asilimia 39. Katika kundi la 1995 hadi 2000 walikuwa asilimia 70. Si usindikizaji peke yake uliofanya hivyo, vipimo vya mapema vilichangia sana, lakini Freeman mwenyewe aliviona viwili hivi kama kazi moja. Mwaka 1990, kumbukeni. Wavuti tunayoijua ilikuwa ndiyo kwanza inaandikwa huko Geneva.

Waingereza humwita mtu huyu kwa jina la mabaharia, na Waswahili wa pwani wana neno hilo hilo tangu zamani: rubani, yule anayepanda chomboni kukiingiza bandarini kwa kuwa anaijua miamba. Neno zuri, ila bara tumelipeleka kwenye ndege. Mimi napendelea msindikizaji. Mwelekezi anakuambia "pinda kushoto, kisha uliza," halafu anarudi kwenye shughuli zake. Msindikizaji anavaa viatu. Programu ya simu ikijitahidi sana inaweza kuwa mwelekezi.

Sasa, kwa nini vijana hasa? Wengine mtasema saratani ni saratani, na kweli hesabu ya jumla inatisha vya kutosha: makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kwa mwaka 2022 yaliipa Kenya wagonjwa wapya 44,726 na vifo 29,317. Vijana ni sehemu ndogo ya hao. Lakini ukitazama mfumo kwa jicho la mtu anayeandika programu, utaona kwamba kijana ndiye ile hali ya pembeni ambayo hakuna aliyeiandikia msimbo. Kuna tawi la mtoto na kuna tawi la mtu mzima. Hospitali nyingi za umma humtoa mtoto wodi ya watoto akifika miaka 12 au 13 hivi. Kwa hiyo mvulana wa 14 analala kitanda cha pili kutoka kwa mzee wa 70 mwenye saratani ya tezi dume, na daktari anayemhudumia amezoea wazee. Wataalamu wa Marekani huwaweka wote wa miaka 15 hadi 39 katika kundi lao wenyewe. Uingereza kuna shirika la Teenage Cancer Trust lililofungua wodi yake ya kwanza ya vijana London mwaka 1990, kwa wale wa 13 hadi 24. Sisi tuna kipenyo katikati ya matawi mawili, na watu wanadondokea humo.

Halafu mambo ya kijana si ya mtoto wala ya mzee. Ana KCSE. Ana mpenzi ambaye hajui amwambie nini. Baadhi ya dawa za kemo na baadhi ya mionzi inaweza kumwondolea uwezo wa kuzaa, na kwa mvulana mbegu zinaweza kuhifadhiwa kabla ya kuanza, lakini ni nani wa kumwambia, kwa lugha gani, mama yake akiwa amekaa hapo hapo kando ya kitanda? Akifikisha miaka 18 katikati ya matibabu, ghafla anatakiwa kutia sahihi mwenyewe na kuwa na kitambulisho, na kila mzazi wa Kenya anajua kitambulisho kinavyoweza kuchukua muda wake.

Na msidhani saratani hapa inafuata vitabu vya Ulaya. Kule Bomet, hospitali ya Tenwek, madaktari walichapisha mwaka 2010 takwimu zao za saratani ya umio, ugonjwa ambao kwingi duniani ni wa wazee. Walikuta wagonjwa wengi kuliko ilivyotarajiwa wenye miaka 30 au chini. Kijana wa Bomet au Narok anayelalamika kuwa ugali haushuki anaweza kupewa dawa ya vidonda vya tumbo mara tatu kwa sababu umri wake haufanani na ugonjwa.

Nina binamu yangu, sitasema jina lake wala la hospitali. Alivimba shingo akiwa kidato cha nne. Akatibiwa kifua kikuu kwa miezi mitano ingawa makohozi hayakuonyesha kitu. Hili hutokea sana: jasho la usiku, kukonda, tezi kuvimba, vyote ni dalili za TB na vyote ni dalili za limfoma, na sisi tuna TB nyingi. Hatimaye kinyama kilikatwa kikapelekwa maabara, kikahitaji kipimo cha pili Nairobi, na jibu likarudi: limfoma ya Hodgkin. Kwa saratani, hiyo ni ile unayoomba iwe hiyo, maana katika nchi zenye uwezo vijana wengi mno wanapona kabisa. Dawa zake ni sindano za mshipa kila wiki mbili, mara kumi na mbili ukipewa mizunguko sita. Kila mara damu inapimwa kwanza, na matokeo yakiwa mabaya inaahirishwa.

Nilivyoichora safari hiyo kwenye karatasi, kama mtu anavyochora hali na mishale kabla ya kuandika programu, nilipata hatua 11 kwa kila ziara moja. Kadi, faili, maabara, majibu, daktari, kibali cha bima, duka la dawa, na kadhalika. Kila hatua ikishindwa jibu ni moja: "Mama, rudi Jumanne." Nauli ya kurudi Jumanne haimo kwenye mchoro. Baada ya ziara ya nne shangazi alirudishwa mara mbili mfululizo kwa kuwa kibali hakijatoka, pesa zikaisha, na binamu yangu akakaa nyumbani karibu miezi mitatu. Hakuna aliyepiga simu. Katika mfumo wa hospitali hakuwa amekosa kitu chochote, kwa sababu mfumo ule huandika aliyefika, hauandiki ambaye hakufika.

Mnajua nani alimrudisha? Mama anayeuza chai na mandazi nje ya lango. Shangazi alienda kuchukua karatasi fulani, akaketi kwake, wakazungumza. Yule mama alijua ofisi ipi ya kibali inafunguliwa saa ngapi, karani yupi anasikiliza, na kwamba faili la mgonjwa asiyekuja muda mrefu huhamishwa chumba kingine. "Dada, usiende dirisha lile, nenda na kijana asubuhi mapema mlango wa nyuma, mwambie nimekutuma mimi." Basi. Binamu yangu alimaliza sindano zake, sasa anatengeneza simu mjini Njoro. Huyo muuza chai ndiye msindikizaji pekee aliyekuwa katika hospitali nzima, na mshahara wake ulikuwa faida ya mandazi.

Msiniambie ni kisa kimoja. Watafiti wa hospitali ya rufaa ya Moi, Eldoret, waliwafuatilia watoto waliogunduliwa na saratani kati ya 2007 na 2009. Asilimia 54 waliacha matibabu. Soma tena. Waliokufa wakiwa kwenye matibabu walikuwa asilimia 22. Wengi zaidi walitoka mlangoni na hawakurudi kuliko wale ambao saratani iliwaua wakiwa wodini. Hao walikuwa watoto, na ni zaidi ya miaka kumi na tano iliyopita, na utafiti huo huo ulionyesha kwamba wenye bima walifanya afadhali. Lakini niambie, katika programu yoyote unayoiandika, kama nusu ya maombi yanapotea kati ya seva mbili, utaanza kwa kupamba ukurasa wa mbele?

Sasa nije kwa wale watakaoniita mpinga maendeleo. Mimi ni mwana wa Bonde la Ufa na najivunia msimbo wa hapa. Kituo cha afya cha Mosoriot, kule Nandi, kilikuwa na mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta mwaka 2001, wakati ofisi nyingi Nairobi zilikuwa bado zinatumia kaboni. Kutokana na kazi hiyo ya AMPATH na washirika wao ilizaliwa OpenMRS, programu huria iliyoanza kubuniwa 2004 na kuwekwa kazini Eldoret mwezi Februari 2006, na leo inatumika nchi nyingi. KenyaEMR imejengwa juu yake. Lakini kitu ambacho watu wa teknolojia husahau kusimulia ni kwamba AMPATH walikuwa pia na kitengo cha kuwafuatilia waliokosa miadi, watu wa kupiga simu na kwenda hadi nyumbani kwa mgonjwa. Kompyuta ilitoa orodha, na mtu aliichukua orodha akapanda pikipiki.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa WelTel, uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2010. Wagonjwa 538 waliokuwa wanaanza dawa za virusi vya UKIMWI katika kliniki tatu za Kenya, Nairobi na Kajiado. Nusu yao walipata arafa moja kila wiki. Arafa yenyewe ilikuwa neno moja: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Aliyejibu shida, au aliyenyamaza, alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki. Waliomeza dawa zao ipasavyo walikuwa asilimia 62 katika kundi la arafa, na 50 katika kundi lingine.

Tazama uzuri wa kitu hicho. Hakina ramani wala rangi, na kinapita kwenye simu ya kitochi. Simu ikishikwa na kaka au jirani, "Mambo?" haimwambii lolote kuhusu ugonjwa wa mtu. (Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka habari za afya kuwa nyeti, na programu zile nne za shindano zilikuwa zinatuma arifa zenye neno "kemo" kwenye skrini iliyofungwa. Nilitaka kulia.) Na zaidi ya yote, nyuma ya lile neno moja palikuwa na mtu anayelipwa kupiga simu. Mwondoe huyo, ubaki na arafa peke yake, na umebaki na kampuni ya matangazo.

Wapo watakaosema wahamasishaji wa afya wa jamii wapo tayari. Ni kweli, Septemba 2023 Rais Ruto aliwazindua wapatao 100,000 nchi nzima, wana mikoba na simu zenye programu ya kazi. Nawaheshimu sana. Lakini kila mmoja ana kaya zake kama 100, posho ya 5,000 kwa mwezi inayogawanywa kati ya serikali kuu na kaunti, na kazi yake ni nyumbani kwa watu. Hajui dirisha la kibali liko wapi ndani ya hospitali ya rufaa, wala hamfikii mwanafunzi aliye bwenini. Awe mkono wa pili wa msindikizaji, sawa. Kumbebesha na hili ni kumwonea.

Na haja inaongezeka badala ya kupungua, kwa sababu makaratasi yanaongezeka. Tarehe 1 Oktoba 2024 SHA ilichukua nafasi ya NHIF. Viwango vyake vya mwanzo viliweka kwa saratani kikomo cha shilingi 400,000 kwa mwaka kutoka mfuko mmoja, na kikiisha, 150,000 nyingine kutoka mfuko wa magonjwa ya dharura na sugu. Jumla 550,000, kwa kaya nzima. Yaani mifuko miwili, na mtu lazima ajue wa kwanza umeisha lini na wa pili unaombwaje. Mzee wangu ni mwalimu mstaafu na hakuielewa karatasi ile. Mwambie mama wa Kuresoi aielewe akiwa ameshika kijana anayetapika.

Nakuru ina bahati. Tuko km 160 kutoka Nairobi na karibu hivyo hivyo kutoka Eldoret, na zamani maana yake ilikuwa kwamba mgonjwa wetu ni mgeni kila aendako. Siku hizi hospitali ya rufaa ya hapa ina kituo chake cha saratani chenye mionzi. Jengo lipo na mashine ipo, na wagonjwa wanatoka Baringo, Narok, Nyandarua na kwingineko. Mji umeshapewa hadhi ya jiji tangu 1 Desemba 2021. Basi tufanye hesabu ya jiji. Tuseme wasindikizaji wanne wa vijana, kila mmoja 50,000 kwa mwezi: 2,400,000 kwa mwaka. Weka 50,000 kwa mwezi za nauli za dharura na muda wa maongezi: 600,000. Milioni tatu. Tovuti ya idara moja ya serikali, isiyofunguka baada ya miezi sita, huweza kugharimu zaidi ya hapo, na sisi wa fani hii tunajua vizuri bei hizo.

Msiwatafute wenye shahada. Watafuteni vijana waliopona, wenye miaka 25 hivi, wanaojua kidonda cha mdomoni kinavyouma wiki ya pili na wanaoweza kuzungumza Kiswahili, Kikuyu au Kikalenjin bila kumfanya mtu ajione mjinga. Wapewe mafunzo, beji, meza, na ruhusa ya kuingia chumba cha faili. Hilo la mwisho ndilo gumu, kwa sababu ni kumwambia karani kwamba kuna mtu atakayeuliza faili liko wapi.

Programu yao, kwa wanaotaka upande wa msimbo: majedwali matatu. Mgonjwa, miadi, na simu zilizopigwa. Kila asubuhi saa moja na nusu inatoka orodha ya ambao hawakufika jana, wa zamani zaidi juu. Msindikizaji hawezi kulifuta jina bila kuandika alizungumza na nani. Hakuna nenosiri la herufi 14, hakuna akili unde, na iweze kuchapwa kwenye karatasi stima ikipotea. Leseni GPL.

Nimeshaanza kuichora. Kitu kimoja kinanikwamisha, na ndicho kilichonifanya niandike yote haya usiku huu: shule za bweni. Kijana akikosa sindano ya Alhamisi, msindikizaji ampigie nani? Mwalimu mkuu hapokei simu, mzazi yuko km 80, na ukimpigia mwalimu wa zamu, kufikia jioni bweni zima litajua. Kama wewe ni mwalimu, muuguzi wa shule au matroni hapa Nakuru, Njoro, Gilgil au Naivasha, niambie ni simu ya nani hasa huwa inapokelewa, na huyo mtu hutunza siri kiasi gani.